Songoro Yupo Langoni

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini sitalitaja, maana kulitaja bila kibali ni kosa, na mimi ni mtumishi wa umma. Itoshe kusema nchi ipo, ina bendera, ina mipaka inayolindwa vizuri zaidi upande wa kutokea, na ina redio moja. Redio hiyo ndiyo iliyoniajiri. Mimi ni Mpiga Shangwe wa Taifa.

Msicheke. Kazi hii ina kiti chake na kiapo chake. Siku ya mechi nakaa kibandani juu ya jukwaa kuu, pembeni ya mtangazaji, na mbele yangu ipo mashine yenye vitufe. Kitufe cha kijani ni vigelegele, nilivyovinasa kwenye harusi ya binti wa mkuu wa wilaya. Cha njano ni filimbi na matarumbeta. Cha bluu ni makofi, niliyoyanasa bungeni siku waheshimiwa walipotangaziwa kwamba kikao kimekwisha na chakula kipo tayari. Sijawahi kusikia makofi ya dhati kama yale. Kitufe cha kilio hakuna, kwa kuwa hakuna aliyekiagiza.

Huenda unajiuliza uwanja uliojaa watu una haja gani na shangwe za mashine. Hapo inabidi uwajue watu wetu. Shabiki wa nchi hii haendi uwanjani bila redio. Analipa kiingilio, anatafuta mahali pazuri, mpira unachezwa mbele ya pua yake, naye amebandika redio sikioni anasikiliza mpira uleule. Ukimuuliza sababu, atakushangaa. "Sasa bila mtangazaji nitajuaje kinachoendelea?" Na mtangazaji wetu alikuwa Tambwe, mtu mwenye sauti ya kukufanya usahau tonge mkononi. Watu walimwamini Tambwe kuliko walivyoyaamini macho yao. Walikuwa hivyo tangu zamani na hakuna aliyeona kwamba jambo hilo lina faida kwa serikali, mpaka alipokuja Mheshimiwa Kapalata.

*

Kapalata alianza kama meneja wa timu ya taifa ya besiboli. Besiboli ni mchezo tulioletewa na wafadhili: kontena zima la magongo, kofia na glavu kubwa za ngozi, bila mtu wa kutueleza vinatumikaje. Magongo wakapewa polisi, ambao hawakuhitaji maelezo. Kofia waligawana wajumbe wa chama. Glavu, kwa kuwa zote zilikuwa za mkono mmoja, zikapelekwa jikoni kwenye kambi ya jeshi kushikia masufuria ya moto. Kisha ikaundwa timu. Ilikuwa na meneja, manaibu wa meneja, daktari, msemaji na mshauri wa msemaji. Wachezaji walikuwa bado wanatafutwa.

Kapalata aliiongoza timu hiyo kwa ustadi mkubwa. Mara kwa mara alijitokeza mbele ya waandishi wa habari, akakohoa, akatoa taarifa kwamba timu haijapoteza mchezo hata mmoja. Na ilikuwa kweli. Mataifa makubwa yenye viwanja na walimu yanapoteza kila msimu, sisi hatujapoteza hata siku moja. Kwa rekodi hiyo isiyo na doa akateuliwa kuwa Waziri wa Michezo na Utangazaji.

Siku ya kwanza alitukusanya watumishi wote wa redio ukumbini.

"Ndugu watumishi!" alisema, akisimama kwa vidole vya miguu kama ilivyo kawaida yake. "Nimelitafakari kwa kina, kwa marefu na kwa mapana, suala zima la timu yetu ya mpira wa miguu kupoteza michezo. Tatizo si mabeki. Tatizo si kocha. Tatizo ni kwamba timu inaonekana! Nimekuwa kwenye besiboli, naongea kwa uzoefu: timu isiyoonekana haishindwi. Sasa mpira wa miguu hatuwezi kuuficha, wananchi wameshauzoea. Lakini tunaweza kuwapunguzia mzigo wa kuutazama."

Agizo likatoka. Tangu siku hiyo, jambo ambalo halikutangazwa redioni lilikuwa halijatokea uwanjani. Jicho ni mali ya mtu binafsi, Mheshimiwa alifafanua, lakini redio ni ya taifa. Polisi wa uwanjani, waokota mipira, watu wa huduma ya kwanza na machela yao, wote wakagawiwa redio ndogo na kuamriwa wafanye kazi kwa kufuata redio. Refa hakusumbuliwa. Aliruhusiwa kupuliza filimbi apendavyo, kwa kuwa filimbi yake haikuwa na maana mpaka mimi nibonyeze yangu.

Tambwe alinuna kwa muda, halafu akazoea. Na tukaanza kushinda! Nawaambia, tulishinda mpaka tukachoka. Watu walikaa pale wakatazama nyavu zetu zikitikiswa kila mara, kisha wakatoka uwanjani wakiimba na kubebana mabegani. Nilikuwa naona fahari. Sitaki kusema uongo, yalikuwa maisha matamu.

Langoni alidaka kijana anayeitwa Songoro. Huyu alikuwa mtoto wa Bi Kuruthumu, dada yake Tambwe, baba mmoja mama mmoja. Tambwe ndiye aliyemfundisha kudaka, kwa kumrushia machungwa mabovu uani, na kila jina la mpwa wake lilipofika mdomoni wakati wa kutangaza, sauti yake ililegea kidogo. Songoro alikuwa kipa kwelikweli. Katika timu nzima ni yeye peke yake ambaye redio haikuhitaji kumwongezea chumvi.

*

Jumamosi moja tulicheza na majirani zetu. Uwanjani walikuwa wametufunga matatu. Redioni tulikuwa tunaongoza kwa mawili, na Kapalata, aliyekaa katikati yangu na Tambwe akinywa juisi ya ukwaju, alikuwa anatafakari kama tuongeze la tatu au tuwaonee huruma wageni.

Ndipo mshambuliaji wao mrefu alipowatoroka mabeki wetu akabaki na kipa. Songoro alitoka langoni akajitupa miguuni kwake, vilevile alivyofundishwa. Goti la yule mrefu likampata kwenye shingo. Nilisikia mlio wake kule juu kibandani, na dirisha lilikuwa limefungwa. Mpira ulibaki chini ya kifua chake. Yeye hakuinuka.

Tambwe alisimama, maikrofoni mkononi.

"Songoro ameudaka!" alisema, na alikuwa ameudaka kweli. "Songoro... ameulalia mpira."

Uwanja ukapiga makofi, nami nikaongeza ya bluu. Songoro hakuinuka. Yule mshambuliaji alikuwa amepiga magoti kando yake, anapunga mikono yote miwili kuita machela. Watu wetu wa huduma ya kwanza walikuwa nyuma tu ya goli. Waliinuka, wakamtazama kipa, wakatazamana, wakazisogeza redio zao karibu na masikio, kisha wakaketi. Siwalaumu. Redio ilikuwa imesema ameulalia mpira.

Tambwe akaziba maikrofoni kwa kiganja. "Mheshimiwa, mtoto ameumia. Niruhusu niseme ameumia."

"Mchezaji wa timu ya taifa haumii," Kapalata akajibu kwa upole. "Wanaoumia ni wageni. Ukitaka kusema yule mrefu ameumia, hilo nakuruhusu."

"Ni mpwa wangu yule! Hapumui, namwona kutoka hapa."

"Unamwona." Kapalata alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Ndugu Tambwe, wewe, mtu wa redio, leo wa kuniambia mimi habari za kuona? Sema anapoteza muda. Tunaongoza. Kipa wa timu inayoongoza ana haki ya kupoteza muda."

Mlangoni askari alihamisha gongo la besiboli kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Tambwe aliondoa kiganja. Nilikuwa karibu naye, niliona midomo yake ikijikusanya, na nililijua neno lililokuwa linataka kutoka. Lilikuwa machela. Angelisema hilo tu, wale watu wangekimbia.

"Songoro anapoteza muda," Tambwe alisema. "Mjanja sana huyu. Bado amelala. Anapoteza muda."

Watu walicheka kwa raha. Wakaimba jina lake jukwaa kwa jukwaa, nami nikabonyeza vigelegele. Mwishowe kipa wa majirani alitoka mbio kutoka goli la upande wa pili, akakata uwanja mzima, akamnyanyua Songoro mikononi na kumbeba mpaka nje. Tambwe alilazimika kutangaza kwamba kipa wa wageni ameshindwa kujizuia, amekuja kumkumbatia mwenzake kwa kazi nzuri. Hospitalini Songoro alifika amekwisha. Redioni alimaliza dakika zote na akachaguliwa mchezaji bora.

*

Bi Kuruthumu alikuwa nyumbani akisikiliza. Majirani walikuwa wameshajaa uani kumpongeza pale alipoingia muuguzi mmoja wa mtaa uleule, akamvuta pembeni na kumwambia. Asubuhi yake mama alikwenda hospitali na sanda kwapani, na nyuma yake wanaume wa mtaani waliobeba jeneza la msikitini. Mganga Mkuu mwenyewe alitoka kumpokea.

"Hongera sana, mama. Kijana wako ametuheshimisha."

"Nimekuja kumchukua nikamzike."

"Ah, hilo haliwezekani. Songoro yupo kambini."

Akamwonyesha mlango wa mochwari. Juu yake palikuwa pamepigwa rangi mbichi: KAMBI YA TIMU YA TAIFA. WACHEZAJI HAWATEMBELEWI.

"Mtu anayedaka Jumamosi, mama, nitamtoaje leo akazikwe? Timu imeshatangazwa na yeye yumo."

"Mwanangu amekufa, daktari. Wewe umemshika, unajua."

"Mimi ndiyo najua," Mganga Mkuu alisema, akainamisha kichwa. "Lakini redio haijasema."

Kutoka pale Bi Kuruthumu alikuja kwetu. Tambwe alikuwa studio, mimi nilikuwa nafuta vumbi kwenye vitufe. Aliposimama mlangoni na kanga yake ya msiba nilijua leo kutakuwa na laana, nikatafuta mlango wa nyuma kwa macho. Hakupiga kelele.

"Tambwe."

"Dada."

"Ulimwona alivyoanguka?"

"Nilimwona, dada."

Alimtazama mdogo wake mpaka Tambwe akafunika uso. "Hilo utalijibu mbele ya Mungu," akasema. "Mimi sina muda nalo. Mtoto yuko kwenye friji la watu, hajaoshwa, hajaswaliwa. Nataka umtoe."

"Nitamtoaje, dada? Mimi nina amri gani hospitali?"

"Si wewe ndiye unayemchezesha? Sikwambii useme amekufa, najua hawatakuacha. Sema amechoka. Sema ametoka, ameingia mwenzake, kama wanavyotoka wachezaji wote. Akitoka uwanjani hawatakuwa na sababu ya kumweka kambini. Nitolee mwanangu, mdogo wangu. Ametosha."

Mimi nililipenda wazo lile. Lilikuwa la heshima, halikumkosoa mtu na halikuvunja agizo lolote. Nilidhani hata Mheshimiwa atalifurahia.

*

Hakulifurahia. "Kipa asiyefungwa anatolewa kwa sababu gani?" alimuuliza Tambwe kabla ya mechi iliyofuata. "Wananchi watafikiri ana tatizo." Na mazungumzo yakaishia hapo.

Langoni alisimama kipa wa akiba akiwa amevaa jezi ya Songoro, ambayo ilimfikia magotini. Mashabiki waliogundua kwamba Songoro amekuwa mfupi waliongeza sauti za redio zao mpaka wasiwasi ukawatoka.

Kipindi cha pili, Kapalata alipigiwa simu ya pongezi kutoka juu. Simu za namna hiyo hupokelewa kwa kusimama wima na kuugeukia ukuta wenye picha. Tambwe alimtazama mgongo, akaisogelea maikrofoni.

"Ndugu wasikilizaji, Songoro anainua mkono," alisema, na sauti ikamlegea palepale. "Anaomba kutoka. Amechoka, jamani, amecheza vya kutosha. Anavua glavu. Anaziweka chini, zote mbili. Anatembea taratibu, hana haraka, hakuna anayemdai muda. Inukeni, ndugu zangu. Songoro anatoka."

Uwanja mzima ukainuka. Yule kipa mfupi, ambaye naye alikuwa na kiredio chake ndani ya kofia, akavua glavu akaanza kutembea kuelekea nje. Nilitakiwa kubonyeza kitu, lakini mikono nilikuwa nimeikalia. Palikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia kwenye mechi, na humo ndani ya kimya watu wazima walikuwa wanafuta machozi bila kuambiana kwa nini.

Niliyoyakosa nilisimuliwa baadaye. Kule hospitali mlinzi wa kambi alisikia kama tulivyosikia sote. Aliinuka, akafungua kufuli. Walimtoa Songoro kwa kitanda cha magurudumu hadi barazani, alipokuwa Bi Kuruthumu na sanda yake. Mama aliwahi kumshika mguu tu.

Kapalata aliinyakua maikrofoni simu ikiwa bado sikioni.

"Marekebisho! Ndugu wananchi, Songoro alikwenda kunywa maji. Amekwisha kunywa. Amerudi langoni!"

"Mheshimiwa," Tambwe alimwambia, na maikrofoni iliyasikia hayo pia, "kwa sheria za mpira mchezaji akishatolewa harudi."

"Za mpira wa miguu," Kapalata akasema. "Kwa sheria za besiboli anarudi."

Hakuna aliyembishia, maana katika nchi nzima mtaalamu wa besiboli alikuwa yeye. Kipa mfupi akaokota glavu. Kule barazani walimgeuza Songoro wakamrudisha ndani, na mlinzi alipofunga kufuli alimwomba mama radhi, akamwambia kwamba yeye si mtu wa kupanga timu.

Msije mkasema nchi yetu ni katili. Tambwe hakuguswa hata kwa ukucha. Alipandishwa cheo, akawa meneja wa timu ya taifa ya besiboli, akafuatwa nyumbani na gari la serikali kwenda kujiunga na timu yake. Timu ile, kama mjuavyo, haionekani. Mke wake akienda wizarani kuuliza anapewa kiti, anapewa soda, anaambiwa besiboli inaendelea vizuri sana.

*

Sasa mtangazaji ni mpwa wa Kapalata, naye anatangazia nyumbani kwake, kwa kuwa uwanjani kuna jua. Songoro hajafungwa bao tangu wakati huo. Watoto wengi wamepewa jina lake.

Shida iliyobaki ilikuwa ya ofisi yangu. Makofi ya bluu yalikuwa yamechakaa kwa kutumiwa mno, yakaanza kusikika kama mahindi yanayokaangwa. Niliagizwa nikatafute mengine, ya dhati. Nilizunguka masoko, shule na nyumba za ibada na kinasa sauti changu, nikarudi mikono mitupu. Watu siku hizi wanapiga makofi huku wakichungulia nani anawatazama, na mashine inausikia woga huo.

Jumamosi moja, mechi ikiwa hewani na vitufe nimemwachia fundi wa redio, nilipita hospitali. Bi Kuruthumu alikuwa kwenye benchi nje ya kambi, redio sikioni, sweta la sufu mapajani. Amekonda. Mlinzi aliniambia kwamba haji tena na sanda.

"Shikamoo, Bi Kuruthumu."

"Marahaba, baba. Wewe si ulikuwa ukikaa na Tambwe?"

"Ndiye mimi."

"Basi wewe watakusikiliza. Waambie wamvalishe hili. Anadaka mchezo mzima, anatoka na jasho, halafu wanakuja kumlaza kwenye baridi lile. Kifua kitambana."

Nilisema nitawaambia. Nilihisi huzuni, na mimi ni mtu ambaye kwa muda mrefu nilikuwa sihisi kitu nisipobonyeza. Nilitaka kumwambia jambo, lakini aliweka kidole mdomoni kuninyamazisha. Redioni ilikuwa penalti. Sijui mkono uliwasha kinasa sauti saa ngapi. Mtangazaji alivuta pumzi huko sebuleni kwake, mpigaji akapiga, na Songoro, aliyelala nyuma ya mlango ule tuliokuwa tunautazama, akadaka.

Bi Kuruthumu aliinuka, sweta likaanguka, akapiga makofi. Alipiga kwa viganja vyote, huku machozi yanamtiririka, mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini.

Hayo ndiyo makofi mnayoyasikia siku hizi. Mheshimiwa Kapalata ameyasifu mbele ya wafanyakazi wote na ameomba nakala kwa ajili ya bunge. Ila ukiongeza sauti ya redio yako, mwishoni, makofi yanapokwisha, utamsikia mwanamke akimuuliza mtu, "Ametoka?" Nimeagizwa nikikate kipande hicho. Kila Jumamosi nasema nitakikata.